Wafanyakazi wa Moomina

Moomina alikuwa anakanda unga mkahawani kwake, mikono imegandwa nao mpaka viwikoni, Wajdee alipochungulia dirishani huku akicheka peke yake.

"We Moomina! Toka nje ukawapokee wafanyakazi wako."

"Wafanyakazi gani? Nina mikono miwili tu, na yote unaiona."

"Wako gatini, wanaume wanane. Wameshuka na boti sasa hivi, wanauliza bosi wao Moomina yuko wapi. Kumbe tajiri! Vitafunio unatuuzia kutuzuga tu."

Wajdee alikuwa mtu wa maneno. Nyumba ya wageni aliyokuwa akiijenga ufukweni ilikuwa imefika kiunoni miaka nenda miaka rudi, lakini porojo zake zilikwisha kuezekwa zamani. Kisiwa kizima cha Dhigufehi kilimjua hivyo. Kwa hiyo Moomina aliendelea kukanda, maana vitafunio vya saa kumi, vidonge vya samaki na nazi, vilikuwa vinamsubiri.

Kisha akasikia salamu nje, kwa sauti ngeni. Akatoka.

Walikuwa wanane kweli. Wabangali, watu wa Bangladesh, mabegi mabegani, wamesimama kwenye mchanga mweupe wa njia, jua limewaka utosini. Aliyetangulia alikuwa mtu mwembamba wa makamo, nywele amezipaka mafuta na kuzichana kama anayekwenda kuposa. Aliinamisha kichwa, akatoa karatasi mfukoni.

"Mama Moomina Ali?" Lugha ya visiwani aliivunjavunja, lakini ilieleweka. "Mimi Mofazzal. Sisi watu wako, kampuni yako. Tumekuja kazini."

Moomina alifuta mikono kwenye kanga ya kichwani asijue anafanya nini, akaipokea karatasi. Kilikuwa kibali cha kazi. Penye jina la mwajiri palikuwa na jina lake, la baba yake, jina la nyumba yao, na namba ya kitambulisho chake, ile anayoikariri kama sura fupi. Kampuni ya ujenzi. Mahali pa kazi: Dhigufehi.

Hakuhitaji kuuliza karatasi ile ilitoka wapi. Alijua papo hapo, kama mtu anavyojua jino linalouma kabla hata ya kuligusa.

Mama yake Moomina alifariki wiki ile ile aliyomzaa Azmee, mdogo wake wa kiume, na Moomina alikuwa msichana ambaye ndiyo kwanza anaanza kutazamwa na vijana. Baba alikuwa baharia wa meli za nje, akija mara moja kwa mwaka na sabuni za kunukia, akiondoka tena. Kitoto kile kikamwangukia dada. Alikibeba, akakilisha wali uliopondwa kwa supu ya jodari, akakesha nacho kwenye surua. Aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili. Mume wa pili alimwambia, "Chagua, mimi au huyo mtoto." Moomina alichagua bila hata kukuna kichwa. Akakausha samaki kwa moshi, akachemsha supu yao mpaka ikawa nzito nyeusi ya kupaka, akaiuza vichupa kwa vichupa, na Azmee akasoma Male', mji mkuu. Huko mjini akawa mtu: miwani, manukato, biashara ambayo mwenyewe aliieleza kwa maneno mawili tu, "kuleta watu." Aliporudi kwa sikukuu aliezeka upya nyumba ya dada yake, akamnunulia jiko la kuokea. Wanawake wa kisiwani walisema, mwenye kulea ndiye mzazi, na Moomina alipenda kusikia.

Sikukuu moja alimletea karatasi jikoni, yeye akiwa anageuza chapati. "Dada, weka sahihi hapa, na hapa. Serikali inasaidia biashara za akina mama." Kusoma Moomina alijua, tena vizuri. Lakini nani asomaye karatasi ya mtoto aliyemlea?

Sasa wanaume wanane walikuwa wanamtazama, na nyuma yao watu walikwisha kuanza kukusanyika.

"Huyo mnayemtafuta hayupo," alisema, akarudisha karatasi, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alimpigia Azmee. Simu iliita mpaka karibu kukatika.

"Dada! Vipi hali?"

"Azmee, kuna watu hapa wanasema mimi ni bosi wao."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia hayupo."

"Umefanya vizuri sana. Endelea hivyo hivyo. Usiongee nao. Usiwape hata maji, unanisikia? Ukiwalisha tu, wamekuwa wako."

"Jina langu limefikaje kwenye vibali vya watu?"

"Mambo ya karatasi tu hayo, dada. Kila mtu mjini anafanya. Nitakuja, usihangaike."

Akakata. Moomina akabaki ameishika simu sikioni, kama bado kuna neno litakalofuata.

Nje wale watu walikuwa wamekaa chini, mgongo ukutani kwake, kwenye utepe mwembamba wa kivuli. Laiti wangepiga kelele, laiti mmoja wao angepiga mlango kwa ngumi, Moomina angejua la kufanya. Lakini walikaa tu, mabegi mapajani, wakingoja. Kila alipochungulia walikuwa palepale, na kivuli kilipohama nao walihama nacho. Wateja wa saa kumi hawakuingia. Walisimama njiani kutazama. Mmoja wa wale wanane, mzee aliyeitwa Delwar, alikuwa anakohoa kikohozi kirefu chenye maji ndani yake, akimaliza anaomba radhi kwa mkono, kama aliyemwaga chai ya mwenyeji wake.

Ilipoadhiniwa alasiri walinyanyuka wote, wakaenda msikitini. Watu waliwapisha safuni bila neno. Waliporudi walikaa palepale.

Kikohozi ndicho kilichomshinda. Moomina alifungua mlango na sufuria ya wali, supu ya jodari, ndimu na pilipili, akaviweka chini kwa kishindo.

"Kuleni. Lakini mimi si bosi wenu. Mmenisikia?"

"Ndiyo, Mama Bosi," alisema Mofazzal.

Njia nzima ikacheka. Wajdee alicheka mpaka akatema tambuu. Moomina mwenyewe uso ulimwaka moto, lakini aliwaangalia wanavyokula, wakikomba sufuria kwa vidole, na akajua walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu jana yake.

Walipomaliza, Mofazzal aliosha sufuria kwa mchanga na maji kabla ya kuirudisha, kisha akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Alimweleza. Kwao kila mmoja aliuza kitu, huyu kishamba, yule ng'ombe, kumlipa wakala aliyewaahidi kazi ya hoteli. Uwanja wa ndege walipokelewa na mtu aliyekusanya pasipoti zao kwenye mkoba. Wakawekwa chumba kimoja Male', wakilala kwa zamu, wakipelekwa leo kupakua saruji, kesho kuzibua mitaro, na mshahara ukipitia mikononi mwa mtu wasiyemjua hata jina. Kisha maafisa wa uhamiaji waliwakuta kwenye jengo moja, wakasoma vibali vyao, wakasema: kazi yenu iko Dhigufehi, mnafanya nini hapa? Tukiwakuta tena mjini, mtarudishwa kwenu.

"Basi tukachanga nauli," alisema Mofazzal. "Karatasi inasema hapa. Tumefuata karatasi."

"Na hamkujua kwamba hakuna kampuni?"

Alitazama miguu yake. "Tulijua labda hakuna. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, Mama."

Walipewa kibanda cha kutengenezea boti wakae. Mwenyekiti wa halmashauri, mtu wa haraka asiyependa matatizo, alimwambia Moomina waziwazi kwamba amekwisha kuwaarifu uhamiaji, watakuja Jumamosi. "Mpaka siku hiyo," alisema, "wapo juu yako. Jina ni lako."

Siku zile hazikumwendea Moomina vizuri. Aliunguza mafungu mawili ya vitafunio. Alimpigia Azmee, simu haikupokelewa. Wanawake waliokuwa wakimsifu sasa walinyamaza anapopita. Wale watu nao hawakutulia: asubuhi alikuta uzio wake umefungwa kamba mpya, kesho yake njia imefagiwa mpaka msikitini.

"Acheni!" aliwapigia kelele. "Sikuwaajiri!"

"Tukikaa bure tutaonekana wazururaji, Mama Bosi," alisema Mofazzal, na fagio likaendelea.

Wajdee alikuja siku hiyo hiyo, safari hii bila kicheko. Alivuta kiti, akaagiza chai nyeusi, akashusha sauti.

"Dada Moomina, tuzungumze kama wakubwa. Hawa wanakula chakula chako bure. Nipe mimi. Watanipandishia ukuta wangu, nitawalisha, na wewe utapata chako. Nani anapoteza?"

"Vibali vyao havina jina lako. Wakikutwa kwenye ukuta wako, wao ndio watakaofungwa."

"Nani atasema?"

"Mdomo wako, Wajdee. Haujawahi kukaa na siri toka uzaliwe."

Aliondoka hajamaliza chai. Moomina alikaa akikitazama kikombe. Aliona aibu, maana kabla ya kumjibu alikuwa amelifikiria lile jambo. Kwa pumzi moja alikuwa ameona raha yake: watu wameondoka ukutani kwake, tatizo limekuwa la mwingine.

Jumamosi asubuhi, boti ya kasi iliingia bandarini ikirusha povu. Haikuwa ya uhamiaji. Aliyeshuka alikuwa Azmee.

Aliingia kwa mlango wa nyuma kama zamani, akambusu dada yake mkono, jiko likajaa manukato. Alikuwa amekonda. Chini ya miwani macho yalikuwa mekundu.

"Boti ya maafisa nimeipita njiani," alisema. "Ni nzito, lakini haiko mbali. Dada, sikiliza, hatuna muda." Akatandaza karatasi juu ya meza yenye unga. "Weka sahihi hapa. Ni taarifa tu, kwamba watu hawa walitoroka kazini tangu Ramadhani."

Moomina aliisoma. Safari hii aliisoma neno kwa neno.

"Walitoroka kutoka wapi?"

"Kutoka kwako."

"Azmee, wako pale nje. Wananifagilia uwanja."

"Ndiyo maana nimeleta boti kubwa. Nitawachukua sasa hivi. Maafisa wakifika watakuta karatasi, watu hawapo, mambo yamekwisha."

"Unawapeleka wapi?"

"Kazini. Nimewapatia kazi."

Alilisema huku akiiweka sawa miwani, na Moomina akamwona mtoto wa miaka minne aliyeficha sukari mgongoni akiapa kwamba mikono yake ni mitupu. Sauti ilikuwa ile ile. Moomina akajua: watashushwa Male', na kwa karatasi ile watakuwa watoro, na mtoro hasikilizwi na mtu. Atakamatwa, atapandishwa ndege, na lile shamba aliloliuza litabaki la mwingine.

"Pasipoti zao unazo?"

Azmee aliupigapiga mkoba wa ngozi begani. "Nitawapa tukifika."

"Wape hapa."

"Tukifika, dada."

Nje kulikuwa na pilikapilika. Mtu wa boti alikwisha kuwaambia, na wale Wabangali walikuwa wanakimbilia kibandani na kurudi na mabegi, nyuso zimechangamka kwa mara ya kwanza. Delwar alikuwa amejifunga shuka kichwani tayari kwa upepo wa bahari. Mofazzal peke yake alikuwa bado hajabeba begi lake. Alisogea dirishani, akamtazama Azmee, kisha akamtazama Moomina, akauliza taratibu:

"Mama Bosi, twende?"

Azmee alijibu haraka, "Nendeni, nendeni, boti inangoja."

Lakini Mofazzal hakumwuliza yeye. Alibaki ameshika nondo za dirisha, akisubiri. Na Moomina alielewa kwamba akiitikia kwa kichwa tu, wataingia botini wote, bila ubishi, kwa sababu yeye amesema. Hakuwahi kuwa na mamlaka juu ya mtu yeyote ila mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama karibu naye, jasho likimtiririka shingoni.

"Dada, nakuomba," Azmee alisema chinichini. "Yapo majina mengine. Wakianza kulivuta hili moja, yatakuja yote. Nitafungwa."

"Jina ni langu. Nitafungwa mimi."

"Wewe hawakufungi! Mwanamke peke yako, muuza vitafunio. Watakuonea huruma."

"Na hawa nani atawaonea huruma?"

"Hawa wana kwao!"

"Hata mimi nina kwetu, Azmee. Ndipo hapa. Unataka nipite njia hii kila siku huku nikijua?"

Azmee akamshika mkono, kwa nguvu. "Ulinilea ili uje uniuze kwa watu usiowajua hata ukoo?"

Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Kisha, kwa mbali, ukasikika mngurumo wa injini nyingine, mzito, wa taratibu, ukitokea upande wa mlango wa miamba, boti zinapoingilia.

Moomina aliuchomoa mkono wake. Akaenda dirishani.

"Msiende," alisema. "Wekeni mabegi chini. Kaeni hapo mlipokaa siku ile."

Afisa aliyeshuka aliitwa Nizam, kijana wa sauti ya chini na shati lililopigwa pasi. Aliketi kwenye meza ya mkahawa, msaidizi wake ubavuni, mwenyekiti wa halmashauri mlangoni, na nusu ya kisiwa madirishani. Azmee alikuwa amejiweka nyuma ya kiti cha dada yake, mkono juu ya bega lake.

"Mwajiri ni nani?"

"Afisa, huyu dada yangu hana habari ya mambo haya," Azmee alianza, "ni mtu wa jikoni tu, watu hawa walikwisha kutoroka zamani, hapa wamekuja—"

"Namwuliza yeye."

Mkono begani ulikaza. Moomina aliiona milango miwili iliyo wazi: aseme hajui kitu, na Azmee aondoke amefungwa pingu leo hii, au aseme walitoroka, na wote wawili walale nyumbani.

"Mwajiri ni mimi," alisema. "Jina langu, sahihi yangu. Na hakuna aliyetoroka. Wako pale, wahesabu mwenyewe."

"Kampuni yako iko wapi?"

"Ndiyo hii unayoiona. Hilo jiko, na karai lile."

Madirishani watu walicheka. Afisa hakucheka. "Una kazi gani ya ujenzi kwa watu wanane?"

"Sina. Sikuwa nayo tangu mwanzo. Andika hivyo hivyo."

"Unafahamu unachokisema? Hili ni kosa."

"Nafahamu."

Afisa aliweka kalamu chini. Alimtazama yeye, kisha akainua macho juu ya kichwa chake, kwa aliyesimama nyuma. "Nani alikuletea karatasi za kutia sahihi?"

Moomina alisikia pumzi ya ndugu yake, fupi fupi, kama alivyokuwa akipumua na surua.

"Kalamu niliishika mimi," alisema.

"Sikuuliza hilo."

"Ndilo jibu nililonalo." Kisha, kabla ujasiri haujamtoroka, akaongeza, "Lakini kama mimi ndiye mwajiri, nina haki ya kusema neno. Pasipoti za watu wangu ziko ndani ya mkoba ule. Nataka wapewe, sasa, mbele yako."

Mkono uliondoka begani mwake. Moomina hakugeuka kumtazama, hakuweza. Alisikia tu zipu ikifunguliwa, polepole sana, na vitabu vikiwekwa mezani kimoja kimoja kwenye unga. Nizam hakuwa mjinga. Aliandika kitu kirefu, akamwomba Azmee kitambulisho chake.

Mofazzal aliposhika pasipoti yake aliifungua penye picha, akaitazama kama anayemtafuta mtu aliyewahi kumjua.

Hukumu ya karatasi ilikuja baadaye. Moomina alitozwa faini iliyolimeza jiko la kuokea, na akapigwa marufuku kuajiri mgeni yeyote. Wale wanane walipewa mwezi mmoja wapate waajiri wa kweli, la sivyo warudi kwao. Mtu mwingine angesema, mimi nimemaliza. Moomina alifunga mkahawa, akajitanda, akapanda boti ya abiria. Alizunguka visiwa vya jirani ambavyo alikuwa akivijua kwa majina ya harusi na misiba tu. Aligonga kwenye karakana za boti, kiwanda cha barafu, nyumba za wageni. Wengine walimcheka. Mmoja alimwuliza kama anauza watu sasa badala ya samaki. Alirudi nyumbani amevimba miguu, kesho yake akaenda tena.

Wajdee alimfuata mwenyewe, akijikuna.

"Nipe wawili. Kwa kibali, kihalali."

"Utawalipa nini?"

Wajdee alitaja.

"Huo ni mshahara wa paka. Ongeza."

"Lo! Bosi kweli wewe."

"Ongeza, na chumba chenye dirisha. Nitakuja kukiangalia."

Aliongeza, akinung'unika mpaka kwao. Mofazzal alipata karakana ya boti kisiwa cha pili, na wengine wawili kiwanda cha barafu. Delwar hakutafutiwa kazi: daktari alimsikiliza kifua, akasema arudi kwa watoto wake, na aliondoka akiwa amebeba kopo la jodari mkavu, akimshukuru Moomina kwa mkono kwa sababu kikohozi hakikumpa nafasi ya maneno. Wawili waliobaki hawakupata mtu. Siku ya mwisho walipandishwa boti ya maafisa. Mmoja wao alilia waziwazi, kifudifudi juu ya begi, na Moomina alisimama gatini mpaka boti ikawa nukta, huku akijiuliza kama kuna mlango ambao hakuubisha.

Azmee alikamatwa mwaka haujaisha. Majina mengine yalijitokeza kama alivyohofia: la jirani kipofu, la mzee aliyekwisha kuzikwa. Moomina hakuhitajika kusema kitu. Lakini kisiwani wako waliosema kwamba dada ndiye aliyeuvuta uzi, na yeye hakuwabishia.

Kila siku ya kuruhusiwa wageni Moomina alikwenda gerezani na bakuli la wali na samaki. Mara mbili za mwanzo Azmee alikataa kutoka. Mara ya tatu alitoka, akakaa kiubavu, uso ukutani. Alikuwa hana miwani, na bila miwani alifanana na mama yao mpaka ikauma.

"Ungesema tu hujui," alisema. "Au ungeweka sahihi. Neno moja."

"Wewe ungelala usingizi?"

Alifikiria, na Moomina alimshukuru Mungu kwamba angalau alifikiria. "Ndiyo," alisema. "Ningelala."

"Basi hapo ndipo nilipokosea kukulea."

Azmee aliuvuta wali karibu, akaanza kula, kichwa kimeinama. Moomina alikaa naye mpaka askari alipogonga mlango, kisha akamwuliza anataka nini mwezi ujao, chapati au shelisheli. Alisema shelisheli. Moomina akatoka kwenda kungoja boti.